Jinsi ya kupatanisha rangi kwenye mchoro wa Tingatinga

Tangu Edward Saidi Tingatinga aanzishe mtindo huu Dar es Salaam miaka ya 1960, tunachora kwa rangi za mafuta za kopo. Ni rangi kali. Ukizipaka zilivyo, kila moja itataka kutazamwa peke yake. Kupatana kwake unakutengeneza kabla ya kuanza kuchora.

Hatua ya 1: Chagua rangi mama. Tuseme ni twiga wakati wa jioni: chukua rangi ya chungwa. Ndiyo itakayojaza sehemu ya nyuma, zaidi ya nusu ya ubao.

Hatua ya 2: Changanya. Kazi yote iko hapa, usiharakishe. Chota kijani kwenye kifuniko, tia tone la chungwa, koroga. Kitatulia na kuelekea rangi ya majani yaliyoanza kukauka. Tia chungwa kidogo kwenye njano pia, na hata kwenye nyeupe ya madoa. Itakuwa kama maziwa. Sasa zote zina damu moja. Bluu ihofie: inakabiliana na chungwa kwenye duara la rangi, yaani mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, tone likizidi unapata tope.

Hatua ya 3: Paka viraka kwenye kadibodi, upige picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Twiga na nyuma yake wakitoka kijivu kilekile, twiga atapotea. Ongeza nyeupe upande mmoja au koza mwingine.

Hatua ya 4: Tazama majirani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akabaini kuwa nyeusi haikuwa na kasoro. Ilififishwa na bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1839, na yanatufaa mpaka leo: paka kijivu katikati ya chungwa, kitaonekana kina ubluu. Ndiyo maana mara nyingi kopo la bluu silifungui kabisa.

Hatua ya 5: Bakiza rangi moja tupu, isiyochanganywa, kwa sehemu ndogo tu. Nyekundu ya mdomo wa ndege aliyetua mgongoni kwa twiga inatosha. Ipake mwisho, rangi ya chini ikishakauka kabisa, la sivyo itavuta chungwa na kupoteza ukali wake.