Kuhesabu faili lako la .bat limerani mara ngapi

Wakuu, hii ni kwa wale wenye faili la bachi (.bat, faili la amri za Windows) wanalolibonyeza kutwa nzima ila ukiwauliza wamelibonyeza mara ngapi wanabaki wanakuna kichwa. Mimi niko kwenye steshenari hapa Dodoma, wateja wengi ni wanafunzi wa UDOM, na wiki za kukusanya ripoti foleni inatoka mpaka nje juani, sasa printa nayo inachagua siku hizohizo kugoma, kazi inakwama kwenye Windows ukiifuta haifutiki. Nikaandika fungua.bat, linazima spula, ile programu ya Windows inayopanga foleni ya printa (net stop spooler), linafuta kilichokwama, linaiwasha tena. Bosi nikimwambia printa imechoka ananijibu "si inaprinti?" Nikasema poa, ngoja nihesabu.

Nilianza na njia ambayo kila mtu angeanza nayo, namba inakaa kwenye faili, unaisoma, unaongeza moja, unairudisha:

set /p n=<idadi.txt
set /a n+=1
echo %n%>idadi.txt

Siku nzima ikagoma kwenye 1. Nafungua idadi.txt nakuta imeandikwa "ECHO is off." Nilihangaika hapo muda mrefu kweli. Kumbe CMD, yaani programu ya Windows inayosoma amri hizi, inaweka kwanza thamani ya n, mstari unakuwa echo 1>idadi.txt, na hiyo 1 iliyobanana na mshale yeye anaielewa kama namba ya njia ya kutolea maandishi, sio kitu cha kuandika. Dawa ni kutanguliza mshale: >idadi.txt echo %n%. Inafanya kazi, lakini mi niliachana nayo kabisa, maana umeme ukikatika vibaya faili likabaki tupu hesabu yote imeenda, na namba peke yake haikwambii ilikuwa saa ngapi.

Kwa hiyo usitunze namba, andika mstari mmoja kila linaporani, halafu hesabu mistari. Fungua Notepad, bandika hii, sevu kama hesabu.bat (pale kwenye aina ya faili chagua zote, la sivyo utapata hesabu.bat.txt):

@echo off
setlocal
if "%~1"=="" exit /b 1
set "f=%~dp0%~1.txt"
>>"%f%" echo %date% %time%
find /c /v "" <"%f%"
find /c "%date%" <"%f%"

%~1 ni jina unaloandika mbele ya hesabu.bat unapoliita, kwa hiyo kihesabio kimoja kinahudumia mafaili yako yote. Mishale miwili inaongezea chini bila kufuta vya juu. find ya kwanza inakupa jumla yote, ya pili inahesabu mistari yenye tarehe ya leo tu.

Hiyo %~dp0 usiiruke. Maana yake ni folda ambamo hesabu.bat lenyewe limekaa. Fungua.bat lazima ulirani kama administrator, na ukifanya hivyo CMD inaanzia C:\Windows\System32, sasa bila %~dp0 kumbukumbu zako zinaenda kujiandika huko, we unabaki unazitafuta desktop.

Kisha ndani ya faili lako ongeza:

call "D:\zana\hesabu.bat" printa

D:\zana ni folda nilipoliweka mimi hesabu.bat, we weka ya kwako, na printa ndo lile jina. Neno call ni lazima. Ukiliacha, CMD inahamia kwenye hesabu.bat na hairudi tena, mistari yote iliyobaki chini hairani, na haikupi hata kosa. Mwishoni weka pause kama unadabo-kliki, dirisha lisijifunge kabla hujasoma.

Ukitaka kuanza upya badilisha jina printa.txt, likikosekana linajitengeneza lenyewe.

Basi baada ya wiki mbili nikafungua printa.txt kwa mbwembwe nimwonyeshe bosi. Asubuhi karibu hakuna kitu. Mistari imejazana saa nane mpaka saa kumi, muda ambao mi naenda kula, dogo ninayefanya naye kazi ndo anabaki, na dogo anaprinti moja kwa moja kutoka kwenye flashi, mwenye flashi ana haraka anaichomoa kazi ikiwa nusu. Siku hizi anakopi kwanza desktop. Printa mpya ndo basi tena.