Kuitumia redio ya gari sebuleni: umeme kwanza, spika baadaye

Redio iliyotolewa kwenye gari ni kifaa kizuri cha kuweka nyumbani, kwa kuwa ndani ya kisanduku kimoja kuna kipaza sauti (amplifaya) cha kuendesha spika nne, FM, tundu la flashi na mara nyingi Bluetooth pia. Kwa sisi wa Kigoma, ambao kwa miaka mingi tuliwashiwa taa na majenereta ya dizeli na tukazoea giza la ghafla, ina faida nyingine kubwa zaidi: inakula volti 12, hivyo umeme ukikatika unaihamishia kwenye betri na kuendelea kusikiliza taarifa ya habari. Wengi wanaoshindwa kuifanya iimbe vizuri huilaumu redio yenyewe, ilhali kasoro karibu kila mara iko kwenye umeme unaoilisha au kwenye waya za spika.

Unapoinunua iliyotumika, pale Mwanga hapa mjini Kigoma au kwingineko, usiridhike na kauli ya muuzaji kwamba inashika stesheni zote. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zina FM ya Kijapani, ambayo inaanzia megahezi 76 na, kwenye redio za zamani, kuishia 90, wakati yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Zungusha kitafuta stesheni mpaka mwisho. Namba zikigota kwenye 90, fahamu kwamba stesheni nyingi za hapa hutazipata bila kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya antena na redio, ambacho hushusha mawimbi, kwa mfano stesheni ya 98 ikasikika kwenye 86. Angalia pia kama soketi ya nyuma imekuja na waya zake ndefu, kwa sababu kuna wang'oaji wanaozikata karibu kabisa na plastiki na kukuachia kazi ya kulehemu vipande vya sentimita mbili. Jambo la tatu ni namba ya siri: baadhi ya redio hujifunga zikitenganishwa na betri ya gari, na bila namba hiyo umenunua uzito wa kuzuia karatasi.

Sasa tuje kwenye umeme. Nyuma ya redio kuna fyuzi, kwa kawaida ya ampea 10 au 15, nayo inakueleza kiasi ambacho redio inaweza kuvuta inapopigwa kwa nguvu. Adapta ndogo ya volti 12 na ampea 1 au 2, kama ile ya kisimbuzi, itawasha taa za redio na hata kutoa sauti ya chini, lakini besi ya kwanza ikigonga volti zinaporomoka, redio inazimika, kisha inajiwasha upya, na hali hiyo inajirudia hadi uchoke. Tafuta pawa saplai ya volti 12 na ampea 10, ile ya kisanduku cha bati chenye matundu inayouzwa kwa ajili ya taa za mkanda na kamera za ulinzi. Pembeni ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti; ipandishe taratibu, huku mita ya kupimia volti ikiwa imeshikizwa, hadi kama 13.5, wala usivuke 14.4. Upande wake mmoja unapokea volti 230 za ukutani na skrubu zake ziko wazi, kwa hiyo ifungie ndani ya boksi ambalo mkono wa mtoto hauwezi kuingia, na bati lake liunganishwe na asi ya nyumba, yaani waya unaoingia ardhini.

Pawa saplai ya kompyuta mbovu nayo inafaa: waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi inawaka, na waya za njano ndizo zenye volti 12. Kisichofaa ni chaja ya betri ikitumika peke yake, kwani nyingi hutoa umeme usiotulia, na redio itavuma kama mzinga wa nyuki.

Ukitumia betri, weka fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya, kisha pima: betri ya asidi iliyojaa husoma karibu 12.7 ikiwa imepumzika, na ikifika 12.2 imebaki karibu nusu, acha kuivuta. Betri zilizokwisha kutumikia taa za dagaa ziwani huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini nyingi husoma 12.6 mchana na kuanguka mara tu redio inapowashwa. Zipime zikiwa na mzigo, yaani redio ikiwa inawaka.

Waya za redio zinazofuata mpangilio wa kawaida hazina fumbo. Mweusi ni asi ya redio, yaani unakwenda kwenye hasi ya betri au ya pawa saplai, wa njano ni moto wa kudumu unaohifadhi saa na stesheni, na mwekundu ni ule ambao kwenye gari huja ufunguo unapozungushwa. Nyumbani unganisha wa njano moja kwa moja na chanya, na mwekundu upitishe kwenye swichi, ili redio izimike bila kusahau stesheni. Wa bluu hutoa umeme wa antena au wa kipaza sauti cha nje. Kama huuhitaji, ufunge tepu peke yake. Redio zilizotoka kiwandani na Toyota hutumia rangi nyingine, kwa mfano asi yake ni ya kahawia, kwa hiyo soma kibandiko cha juu yake kabla ya kuamini rangi.

Kwa spika, nyeupe na kijivu ni za mbele kushoto na kulia, kijani na zambarau ni za nyuma, na kila rangi ina mwenzake mwenye mstari mweusi ambao ni hasi. Hapa ndipo nilipounguza redio yangu ya kwanza. Kwa mazoea ya redio za zamani, nilikusanya hasi zote nne nikazifunga kwenye asi. Iliimba kwa sekunde chache, ikanyamaza, na harufu ya plastiki ikajaa chumbani. Katika redio hizi hasi ya spika si asi, kwani kipaza sauti husukuma waya zote mbili kwa kupokezana, hivyo kila spika lazima iwe na jozi yake peke yake, isiyogusa nyingine wala bati la redio.

Spika za nyumbani za omu (kipimo cha ukinzani wa spika) 8 au 6 zinafaa. Sauti hupungua kidogo, lakini redio haichemki. Usishuke chini ya omu 4, maana yake ni kwamba spika mbili za omu 8 zinaweza kuchangia tundu moja, ila mbili za omu 4 haziwezi. Maandishi ya wati 50 mara nne yasikubabaishe: volti 12 kwa ampea 10 ni wati 120 tu, na 200 haziwezi kutoka humo. Wati 15 hadi 20 kwa kila spika ndio ukweli wake, nazo zinatosha sebule.

Spika za milango ya gari zikiachwa wazi hupoteza besi, kwa sababu mawimbi ya nyuma hufuta ya mbele. Mpe seremala mbao za mninga au plaiwudi ya milimita 18, atengeneze boksi lililozibwa kwa gundi kila kona. Redio yenyewe ipewe nafasi ya kupumua, bila kitambaa juu yake.

Kwa antena, waya wa sentimita 75 uliosimamishwa dirishani unatosha kwa stesheni za mjini. FM ikikwaruza, hamishia redio kwenye betri kwa dakika moja: mkwaruzo ukitoweka, mkosaji ni pawa saplai, nawe isogeze mbali na waya wa antena.