Bomba la gesi likipangwa kupita kwenu: namna ya kutoa maoni ya mazingira

Mei 2021, Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya maelewano kuhusu bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Kwa upande wa Kenya, mradi wa aina hiyo haujengwi bila leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na leseni hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Nafasi ya mwananchi kusema iko ndani ya tathmini hiyo.

1. Mkutanoni, weka rekodi yako

Kanuni za tathmini hiyo za 2003 zinataka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watakaoathirika, na ilani itoke wiki moja kabla. Karatasi ya mahudhurio utakayotia saini huishia kwenye viambatisho vya ripoti ya tathmini kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Kwa hiyo andika mwenyewe tarehe, mahali, swali lililoulizwa na jibu lililotolewa. Swali la mdomo lisiloingia kwenye kumbukumbu ni kama halikuulizwa.

2. Ipate ripoti mapema

Tangazo la kuwaalika watu watoe maoni kuhusu ripoti hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kila siku. Kwa kawaida hutoa siku 30, zinazohesabiwa tangu lichapishwe, si tangu ulipolisikia. Nakala husomwa makao makuu ya NEMA, Popo Road, Nairobi, au kwa mkurugenzi wa mazingira wa kaunti. Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na ramani ya njia, kisha jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira, kisha kumbukumbu za mikutano, uzilinganishe na zako.

3. Pa kuchimbua ndani ya ripoti

Maji ya majaribio. Kabla ya gesi kuingia, bomba hujazwa maji na kushindiliwa ili kupima viungo. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 60 humeza takriban lita 283,000 kwa kila kilomita, yaani bauza (malori ya maji) 28 za lita 10,000. Yatatoka kisima gani, msimu gani? Yakishatoka na kutu na pengine dawa za kuzuia kutu, yatamwagwa wapi? Ripoti nyingi hulipitia jambo hili kwa sentensi moja.

Mito na mikoko. Mto kama Ramisi, kule Kwale, unaweza kuvukwa kwa kuchimba mtaro sakafuni mwake au kwa kutoboa chini kwa chini. Mtaro huchafua maji kwa tope. Kutoboa kunaweza kuvujisha juu ya ardhi matope ya bentonaiti, udongo laini unaotumika katika kutoboa. Dai ripoti itaje njia itakayotumika kwa kila mto, mwezi wa kazi, na hatua za kuchukua bentonaiti ikivuja.

Shamba. Udongo wa juu utengwe na urudishwe wa mwisho. Ukichanganyika na wa chini, mazao hudhoofika kwa misimu kadhaa. Tena, juu ya bomba hairuhusiwi miti yenye mizizi mirefu, kwa hiyo mwembe au mkorosho unaokatwa hapo haupandwi tena. Hiyo ni athari ya kudumu, isiandikwe kuwa ya muda.

4. Andika

"Mradi huu utaharibu mazingira" hujibiwa kwa "maoni yamezingatiwa". Jaribu hivi: "Ukurasa fulani unasema maji ya majaribio yatatoka chanzo cha karibu. Chanzo hakikutajwa. Kisima chetu, chenye viwianishi hivi (namba za mahali kilipo kwenye ramani), hukauka Februari. Naomba leseni imkataze mkandarasi kukitumia." Ukurasa, mahali, kasoro, ombi. Barua kumi zenye hoja tofauti zina uzito kuliko fomu moja iliyonakiliwa mara mia. Madai ya fidia yaandike kando, uyapeleke Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Yakichanganywa humu humpa afisa sababu ya kuiweka barua yote pembeni.

5. Wasilisha

Tuma kwa NEMA kwa baruapepe, na upeleke nakala mbili za karatasi: moja ibaki kwao, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Taja jina kamili la mradi kama lilivyo kwenye tangazo.

6. Leseni ikitolewa hata hivyo

Una siku 60 kukata rufaa mbele ya Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, sababu mojawapo ikiwa kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu matokeo ya utafiti wenyewe. Faili lako liwe na ilani, maandishi yako ya mikutano na ile nakala yenye mhuri.