SOMO: Kupima kama dawa inashika protini kwa kutumia mashine ya PCR

Wakuu, swali hili limeulizwa mno na majibu yangu yametapakaa kila uzi. Nayaandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitamtupia kiungo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Protini ikipashwa moto hukunjuka, na sehemu zake za ndani zinazokimbia maji hutokeza nje. Rangi ya SYPRO Orange ikizishika sehemu hizo hung'aa. Kwenye maji matupu iko kama haipo. Dawa iliyoshika protini iliyokunjwa vizuri huifanya ichelewe kukunjuka, hivyo joto la kukunjuka (Tm) hupanda. Mashine yoyote ya PCR (ile ya kuzidishia DNA) inayosoma mng'ao wakati inapasha inatosha.

Anzeni kwa kujaribu kimeng'enya cha carbonic anhydrase II ya ng'ombe (takriban kDa 29) pamoja na dawa inayokizuia, acetazolamide. Zinashikana kwa nguvu na Tm hupanda kwa nyuzi kadhaa. Zikigoma hizi, usipoteze protini yako ya thamani.

1. Bafa (myeyusho unaoshikilia pH): HEPES mM 50, pH 7.5, NaCl mM 150. Usitie EDTA, hunasa metali, na kimeng'enya hiki kina zinki.

2. Protini: µM 4 ndani ya bafa, yaani mg 0.116 kwa ml. Kwa pleti ya vishimo 96 tengeneza ml 1.1. Weka juu ya barafu.

3. Rangi: huuzwa ikiwa 5000x ndani ya kiyeyushi kiitwacho DMSO. Tia µl 2.2 kwenye ile ml 1.1 ya protini upate 10x. Tyubu iyeyuke kabisa kwanza, maana DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5, ukichota ikiwa nusu barafu, kila pleti itakuwa na rangi ya kiasi chake. Ikinge na mwanga.

4. Dawa. Hapa someni polepole, ndipo hata mimi nilipowahi kuharibu. Akiba (myeyusho mkali wa dawa utakaoupunguza) iwe mM 10 ndani ya DMSO safi. Chukua µl 4, tia kwenye µl 196 za bafa: unapata µM 200 yenye DMSO 2%. Sasa mtengenezee pacha wake: µl 4 za DMSO tupu, kutoka chupa ileile uliyoyeyushia dawa, kwenye µl 196 za bafa. Pacha huyo ndiye mlinganisho wako. BAFA TUPU SIYO MLINGANISHO. DMSO peke yake hulegeza protini nyingi na kushusha Tm, kwa hiyo ukilinganisha na bafa tupu, dawa inayosaidia kidogo itaonekana haifanyi kitu, na isiyofanya kitu itaonekana inabomoa protini. Kibaya zaidi ni kupanga ngazi za ukolezi kwa kuongeza ujazo wa akiba, µl 1, 2, 4, 8. DMSO inapanda sambamba na dawa, na grafu unayopata huwezi kujua ni ya nani kati yao. Punguza dawa ndani ya DMSO kwanza, kisha kila ngazi ichukue ujazo uleule kwenda kwenye bafa. Mwisho, inua tyubu kwenye mwanga: ikiwa na ukungu, dawa imejitenga na maji, shusha ukolezi.

5. Kila kishimo: µl 10 za protini yenye rangi, µl 10 za dawa. Jumla inakuwa protini µM 2, rangi 5x, dawa µM 100, DMSO 1% (na 0.1% ya ile rangi, ila hiyo iko sawa kote). Rudia kila dawa mara tatu. Vishimo vya DMSO viwe visivyopungua vinane, uvitawanye pleti nzima, usivirundike pembeni. Weka na vishimo vya dawa na rangi bila protini, maana dawa nyingine hung'aa zenyewe.

6. Funika kwa karatasi angavu ya PCR, zungusha kwenye sentrifuji dakika moja kwa 1,000 g. Kiputo kimoja kinatosha kuchafua mkondo.

7. Nyuzi 25 kwa dakika 2, kisha hadi 95 kwa nyuzi 1 kila dakika. Wenye mashine ya QuantStudio chagueni kichujio cha ROX na mzime rangi rejea. Wenye Bio-Rad CFX, chaneli ya FRET.

8. Tm ni kilele cha mkondo wa mabadiliko ya mng'ao kwa joto. Programu nyingine huuchora kichwa chini, usishtuke. Mng'ao wenyewe ukishuka baada ya kufika juu kabisa ni protini inaganda mabonge. Sehemu hiyo usiiingize kwenye hesabu. Tofauti iliyo chini ya mara tatu ya mtawanyiko wa vishimo vya DMSO usiitangaze.

MASWALI

Kipepeo_22: Mkuu nimefuata kila kitu ila sina SYPRO, nimeweka SYBR Green. Grafu imelala tu.

Mwandishi: SYBR Green hushika DNA. Hujafuata kila kitu.

Mtafiti wa Moro: Acetazolamide naweza kununua vidonge duka la dawa nikasaga?

Mwandishi: Hapana. Kidonge kina wanga na vijazio vingine, hutajua ulichopima wala ukolezi wake. Tafuta unga safi.

Bibi Pipeti: Shikamoo mwalimu. Dawa A imepandisha Tm nyuzi 6, B nyuzi 3. Je, A inashika kwa nguvu mara mbili?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri sana hili. Hapana. Kupanda kwa Tm kunategemea pia joto linalotoka dawa inaposhika, Tm ya protini yenyewe, na ukolezi uliotumia. Tena Tm haigoti kwenye ukuta: hata protini yote ikiwa imeshashikwa, ukizidisha dawa Tm inazidi kupanda. Kwa hiyo kipimo hiki ni chekecheo cha kuchagua za kufuatilia. Fanya ngazi nane za ukolezi kwa A na B, kisha zipeleke kwenye ITC au SPR (vipimo vya nguvu ya kushika yenyewe) ndipo useme ipi kali.

Kinu: Protini yangu ya utando iko ndani ya sabuni, mng'ao uko juu tangu nyuzi 25.

Mwandishi: Rangi inaingia kwenye vitonge vya sabuni. Jaribu rangi ya CPM, inayong'aa ikishika sisteini zilizofichuka, au nanoDSF isiyohitaji rangi, husoma triptofani kwenye nm 330 na 350.

Kipepeo_22: Kwa hiyo SYBR haifai kabisa hata kidogo?

Mwandishi: Soma jibu la kwanza.

Bibi Pipeti: Na Tris badala ya HEPES?

Mwandishi: pH ya Tris hushuka kama 0.028 kila nyuzi moja. Kutoka 25 hadi 95 ni karibu pH 2 nzima. HEPES hushuka nusu ya hapo, fosfeti karibu haitikisiki.

Mzee wa Barafu: Nyongeza kwa walio Dar, Tanga na Mombasa: DMSO hunyonya unyevu wa hewa, akiba inapungua ukali na dawa kuanza kujitenga. Gawa kwenye tyubu ndogo za µl 20, ziweke kwenye mfuko wenye silika, na usizifungue zikiwa za baridi, ziache zifikie joto la chumba kwanza.

Mwandishi: Hiyo iongezwe kwenye hatua ya 4. Asante mzee.