Namna ya Kulalamikia Ubaguzi katika Usafiri wa Umma Nchini Marekani

Shirika lolote la mabasi au treni linalopokea fedha za serikali kuu ya Marekani hufungwa na Sehemu ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza kumbagua mtu kwa rangi, mbari au taifa la asili yake. Ulemavu una sheria yake ya mwaka 1990.

Ukibaguliwa, andika mapema tarehe, saa, kituo, namba ya basi na maneno yaliyosemwa. Dereva mkali si lazima awe mbaguzi, kwa hiyo eleza waziwazi jinsi ulivyotendewa tofauti na abiria wengine. Hapo ndipo malalamiko mengi hulegea. Kisha jaza fomu ya shirika lenyewe, au peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Umma ndani ya siku 180 tangu tukio.

Asiyejua Kiingereza vizuri, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo, aombe msaada wa mkalimani bila haya, kwani kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake huweza kuhesabiwa kuwa ubaguzi wa taifa la asili.