Kabla hujajaza kombi kwenye Selform, soma hii kwanza

Wewe uliye form four, au mzazi unayemsaidia mtoto, ukifika kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kuendelea nayo, wengi hawachagui kombi (tahasusi, yale masomo matatu ya form five na six) kwa kile wanachokiweza, wanachagua kwa vile wanavyojiona, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Chukua ripoti za form three na mock. Chora safu tatu kwenye karatasi: somo, maksi, na yale maneno unayojisemea kuhusu hilo somo, usiyapambe. Utakuta mtu Fizikia ana 58, C safi kabisa, lakini pembeni kaandika "hii ya vipanga, mi siiwezi", afu anakimbilia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) wakati Historia yenyewe ana 47. Huyo uwezo anao, hajiamini tu, na ukimdadisi utasikia kuna siku alichekwa ubaoni akiwa form two, basi akajifungia mlango hapo hapo. Inaniuma sana hii. Na kuna wa upande wa pili, anajaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa sababu nyumbani walishamwita daktari tangu mdogo na anaona aibu kuwaambia hataki.

Ukimaliza hapo njoo kwenye hulka. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, aligawa watu na kazi kwenye makundi sita: wa kazi za mikono, wachunguzi, wasanii, wa kuhudumia watu, wa kuongoza na kuuza, na wa mpangilio na kumbukumbu. Chagua mawili au matatu, maana watu wengi tumechanganyika, na uangalie yale unayofanya bila kutumwa, kama kufungua redio mbovu au kusuluhisha wenzako bwenini. Ila kama wewe ni mkimya, usiifute kazi ya sheria kwenye orodha yako, wanasheria kibao kazi yao kubwa ni kusoma na kuandika mikataba.

Lile somo unalojishusha lipe wiki tatu, topiki moja tu, maswali ya NECTA ya nyuma, ukae na mtu anayelijua na asiyekucheka. Maksi zikipanda ujue ilikuwa hofu. Zisipopanda, na moyo wenyewe haupo huko, liache.

Na ukishajaza sio mwisho, matokeo yakitoka TAMISEMI huwa wanafungua mfumo ubadilishe tahasusi kabla ya kupangiwa shule. Ingia mwenyewe kwa namba yako ya mtihani, usimwachie mtu wa steshenari akuchagulie.