Jinsi ya kuandaa kiwanja cha muda cha kutua helikopta

Helikopta inaweza kushuka wima, lakini rubani mwenye mzigo hukwepa kufanya hivyo. Kuning'inia hewani juu ya miti kunakula nguvu nyingi ya injini, na joto au mwinuko mkubwa wa ardhi huzidi kuipunguza. Akishuka wima kwa kasi, helikopta huzama ndani ya hewa inayoisukuma yenyewe, mapanga yakakosa cha kushikilia. Ndiyo maana huja kwa mshazari akiukabili upepo, na huondoka vivyo hivyo. Kwa hiyo usianze kutafuta uwanja tambarare. Tafuta kwanza njia ya angani iliyo wazi, kisha uangalie ardhi iliyo chini yake.

Kipimo kinachofaa ni mita 8 za umbali kwa kila mita 1 ya urefu wa kizuizi. Mti wa mita 10 ulio kwenye njia ya kuingilia uwe mita 80 kutoka ukingo wa kiwanja. Ni vizuri kuwa na njia mbili, maana upepo hugeuka.

Adui mkubwa zaidi ni nyaya. Kutoka juu, waya wa umeme ukiwa na kilima au msitu nyuma yake hauonekani kabisa. Rubani huona nguzo tu, na mara nyingi nguzo zenyewe zimefunikwa na miti. Zunguka kiwanja kwa miguu, tafuta nguzo, fuata kila waya kwa macho hadi unapoishia. Usisahau waya za kushikilia minara na kamba za kuanikia nguo. Kila ulichokiona mwambie rubani kiko upande gani na umbali gani, hata kama unadhani kiko mbali.

Kuhusu ukubwa, uliza kwanza ni helikopta ya aina gani. Kinachohesabika ni urefu wake wote mapanga yakizunguka: H125 ni takriban mita 13, Mi-8 takriban mita 25. Mchana, kiwanja kiwe mara mbili ya urefu huo kila upande. Mita 30 kwa 30 zinaitosha H125. Mi-8 inahitaji 50 kwa 50. Usiku, urefu wa kiwanja uongezwe maradufu.

Ardhi isiwe na mteremko unaozidi asilimia 3, yaani sentimita 90 kwa mita 30. Pima kwa mpira mwembamba angavu uliojazwa maji, kama wanavyofanya waashi. Mguu mmoja wa helikopta ukinaswa na kisiki au tope wakati wa kupaa, helikopta huweza kupinduka kwa sekunde chache, kwa hiyo ng'oa visiki na ufukie mashimo yaliyofichwa na majani. Nyasi ndefu kavu zikatwe na kuondolewa. Joto la injini linaweza kuziwasha. Mi-8 iliyojaa hufika tani 12 na inatua kwa magurudumu: ikiwa lori lenye shehena linazama pale, tafuta pengine.

Vumbi linastahili kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mita chache za mwisho kabla ya kugusa ardhi, wingu la vumbi huweza kumficha rubani kila kitu, asijue kama anasogea mbele au kando. Mwagia maji saa chache kabla, halafu tena nusu saa kabla helikopta haijafika, ukivuka ukingo wa kiwanja. Kwa lita 5 kwa mita ya mraba, kiwanja cha mita 30 kwa 30 kinahitaji lita 4,500 kwa mzunguko mmoja. Usilete madimbwi.

Ondoa mabati, maturubai na mifuko ya plastiki. Mfuko mmoja ukirushwa juu huweza kuvutwa kwenye mapanga au injini. Kwa sababu hiyohiyo, usichore alama kwa shuka zilizokandamizwa na mawe. Chora herufi H yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.8 na mistari ya sentimita 40, kwa chokaa iliyokorogwa na maji. Chokaa ya unga itapeperushwa machoni mwa watu. Kumwonyesha rubani upepo unakotoka, kitambaa chepesi kilichofungwa imara kwenye mti, nje ya kiwanja, kinatosha.

Unapotuma namba za GPS, taja mfumo wa kuandika ulioutumia: nyuzi na dakika, au nyuzi zenye desimali. Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.5, wala si 6.30, kosa hilo kwenye latitudo humpeleka rubani kando kwa kilomita 22 hivi.

Usiku, weka taa kwenye pembe nne, zilizofungwa vizuri. Usimmulike rubani kamwe.

Watu wakae angalau mita 60 kutoka kiwanjani, watoto washikwe mikono. Anayeongoza asimame upepo ukimpiga mgongoni, ili rubani amwone mbele yake. Subiri mapanga yasimame kabisa: yanapopungua kasi hulegea, na upepo huweza kuyashusha hadi kimo cha kichwa. Ukiitwa yakiwa bado yanazunguka, njoo kutoka mbele kwa upembeni, ukiinama, rubani akikuona. Kofia mkononi, na kitu kirefu kibebwe kwa ulalo. Kwenye mteremko njoo kutoka upande wa chini. Nyuma usipite: rota ya mkia ikizunguka haionekani. Mi-8 hupakiwa kwa milango ya nyuma, lakini huko unakwenda tu ukiongozwa na mhudumu wake.

Ikishaondoka, acha kiwanja kikiwa kitupu kwa dakika 5, maana rubani akipata hitilafu atarudi hapohapo.